Chunusi za Kijana: Namna ya Kuchagua Tiba Inayofaa

Katika somo hili tunamwendea mzazi au mlezi mwenye kijana anayesumbuliwa na chunusi, pamoja na kijana mwenyewe. Mwishoni mwa somo, msomaji ataweza kueleza chanzo cha chunusi, kutambua dawa zinazofaa, kuepuka krimu zenye madhara, na kupima gharama ya tiba kabla ya kutoa fedha.

Tuanze na mfano. Binti wa kidato cha pili anatokwa na chunusi usoni. Jirani mwenye nia njema anamletea krimu ndogo iliyopimwa dukani na kutiwa katika kikopo kisicho na lebo. Baada ya siku 5 uvimbe umetulia na uso unang'aa. Nyumbani wote wanafurahi. Baada ya miezi 2 krimu inaisha, na chunusi zinarudi zikiwa nyingi kuliko awali. Kikopo cha pili kinanunuliwa, kisha cha tatu. Binti anaanza kukaa nyuma darasani akiwa ameinamisha uso. Je, familia hii ilikosea wapi? Jibu tutalipata hatua kwa hatua.

Chanzo cha chunusi

Wakati wa balehe, homoni huzichochea tezi za ngozi kutoa mafuta mengi. Mafuta hayo, pamoja na seli zilizokufa, huziba vitundu vya vinyweleo. Bakteria waishio kwenye ngozi hustawi humo, na mwili unapopambana huzuka uvimbe, wekundu na usaha. Kwa hiyo chunusi si dalili ya uchafu, wala haziondoki kwa kuusugua uso. Kusugua, kupaka limau au dawa ya meno, na kuzikamua huchubua ngozi na kuacha madoa meusi ambayo, hasa kwa ngozi nyeusi, huchukua miezi mingi kufifia. Mafuta mazito ya nywele yanayochuruzika kwenye paji la uso nayo huongeza chunusi mahali hapo.

Dawa zinazofaa

Kwa chunusi za kiasi kidogo au cha wastani, dawa za kupaka ndizo huanza.

Ya kwanza ni benzoili peroksaidi, ambayo huua bakteria. Nguvu ya asilimia 2.5 hadi 5 hutosha kwa wengi. Iliyo kali zaidi huongeza ukavu kuliko inavyoongeza faida. Tahadhari: dawa hii huondoa rangi ya nguo, mashuka na taulo.

Ya pili ni adapalini ya asilimia 0.1, inayozuia vitundu kuziba. Hupakwa usiku, na haifai kwa mjamzito.

Dawa hizi mbili zaweza kutumika pamoja. Aidha, asidi ya salisiliki ya asilimia 0.5 hadi 2 husaidia chunusi ndogo zisizo na uvimbe.

Antibayotiki ya kupaka, kama klindamaisini, isitumiwe peke yake, kwa kuwa bakteria huizoea. Huambatanishwa na benzoili peroksaidi. Za kumeza huandikwa na daktari kwa muda maalumu.

Dawa hupakwa eneo zima lenye kutokwa na chunusi, si juu ya kila kipele. Kiasi cha punje moja ya njegere hutosha uso mzima. Aanze usiku mmoja baada ya mwingine, ili ngozi izoee, huku akinawa kwa sabuni laini mara 2 kwa siku. Ukavu na mwasho kidogo mwanzoni ni jambo la kawaida. Matokeo huonekana baada ya wiki 6 hadi 12. Anayebadilisha dawa kila wiki 2 hatajua kamwe ipi ilimfaa.

Krimu inayodanganya

Sasa turudi kwa yule binti. Krimu nyingi za kujichubua, na mchanganyiko uitwao mkorogo, huwa na steroidi kali kama klobetasoli au betamethasoni. Steroidi hutuliza uvimbe upesi, ndiyo maana uso ulionekana kupona. Lakini ikiendelea kupakwa usoni, huifanya ngozi kuwa nyembamba na yenyewe huleta chunusi. Na ikiachwa ghafla, uso huwaka na vipele hufumuka. Mtumiaji huidhani ni dawa, kumbe ndiyo inayomfunga. Aliyekwisha kuitumia kwa muda mrefu amwone daktari amwelekeze namna ya kuiacha.

Bidhaa nyingine za aina hiyo huwa na zebaki, inayodhuru figo na mishipa ya fahamu, au haidrokwinoni. Viambato hivi vimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania.

Kabla ya kulipa

1. Soma lebo: jina la kiambato, asilimia yake, mtengenezaji, nambari ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kikopo kisicho na lebo kisinunuliwe.
2. Nunua dawa famasi na umwulize mfamasia. Dawa husimamiwa na TMDA. Tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya TBS.
3. Tilia shaka ahadi ya kupona ndani ya siku 3 au ya kung'arisha ngozi.
4. Dai risiti na uitunze. Bila risiti ni vigumu kuthibitisha malalamiko yako.
5. Linganisha bei kwa tiba nzima. Tuseme kijana anatumia nusu gramu kwa siku: kwa wiki 12 atahitaji gramu 42. Bomba la gramu 15 likiuzwa shilingi 9,000, atahitaji matatu, yaani shilingi 27,000. La gramu 30 likiuzwa shilingi 12,000, mawili yatagharimu shilingi 24,000. Bomba lenye bei ndogo si lazima liwe nafuu.

Wakati wa kumwona daktari

Usisubiri wiki 12 ikiwa kuna vinundu vikubwa vyenye maumivu, makovu yanaanza kujitokeza, au kijana anajitenga na wenzake na kukosa raha. Makovu yaliyokwisha kuingia ni magumu kuyaondoa kuliko chunusi zenyewe. Kwa chunusi kali daktari wa ngozi aweza kutoa isotretinoini, dawa yenye nguvu ambayo huhitaji uangalizi wa karibu na ambayo kamwe haitumiwi na mjamzito, maana humdhuru mtoto aliye tumboni.

Hatimaye, mzazi asimwambie kijana kwamba zitaisha zenyewe. Huenda zikaisha, lakini zaweza kuacha alama usoni na moyoni. Kijana asikilizwe, kisha apewe dawa moja sahihi na muda wa kutosha.

Maswali ya marudio

1. Kwa nini krimu ya yule binti ilionekana kufanya kazi mwanzoni?
2. Chukua krimu moja iliyoko nyumbani kwako. Je, lebo yake ina mambo yote tuliyoyataja?
3. Bomba la gramu 20 linauzwa shilingi 10,000. Tiba ya wiki 12 itagharimu kiasi gani?