Akaunti ya Matibabu kwa Mwajiriwa wa Marekani: Faida na Hatari Zake

Nchini Marekani, bima ya afya haimwondolei mgonjwa gharama zote. Bado huchangia malipo ya daktari, dawa, miwani na meno. Kwa ajili hiyo waajiri wengi hutoa akaunti maalumu ya matibabu, ambayo msingi wake ni kifungu cha 125 cha sheria ya kodi. Makala haya yanaeleza utaratibu wake, kwa kuwa Waafrika Mashariki walioajiriwa huko nao hutakiwa kuamua kila mwaka kama watajiunga.

Utaratibu

Kabla ya mwaka wa mpango kuanza, mfanyakazi hutaja kiasi atakachokatwa. Kiasi hicho hugawanywa katika mishahara ya mwaka mzima na kukatwa kabla ya kodi. Kwa mwaka 2025 ukomo ulikuwa dola 3,300. Tuchukue mfano wa aliyetenga dola 1,200, yaani 100 kwa mwezi. Ikiwa kodi yake ya shirikisho ni asilimia 12, na makato ya hifadhi ya jamii na Medicare ni asilimia 7.65, ataokoa takriban dola 236.

Kiasi chote hupatikana tangu siku ya kwanza. Akihitaji kutibiwa mzizi wa jino mwezi Januari, aweza kutumia dola 1,200 zote ilhali amekatwa 100 tu. Hata akiacha kazi Februari, mwajiri hana haki ya kumdai zilizosalia. Kwa hiyo hana sababu ya kuvumilia maumivu akingoja akiba itimie.

Hatari

Fedha isiyotumika hadi mwisho wa mwaka hupotea. Mwajiri aweza kuongeza muda wa miezi miwili na nusu, au kuruhusu sehemu ndogo ya salio ivuke mwaka, lakini si vyote viwili. Wala halazimiki kutoa hata kimoja. Kwa kawaida, anayeacha kazi hawezi kulipia tiba atakayoipata baadaye.

Akaunti humhudumia mfanyakazi, mwenzi wake, watoto wake hadi mwaka wanapotimiza miaka 26, na wategemezi wanaotambuliwa na sheria ya kodi. Mama aliyeko Tanga au Kisumu, ambaye si raia wala mkaazi wa Marekani, hatambuliwi, hata kama mwanawe ndiye anayemtunza. Anayetenga fedha kwa ajili yake atazipoteza.

Namna ya kukadiria

Zihesabiwe gharama za hakika pekee: mchango wa dawa za kisukari au shinikizo la damu, miwani, na kliniki zilizokwisha kupangwa. Tangu 2020, dawa za dukani zisizo na cheti cha daktari na taulo za kike pia hukubaliwa. Ada ya bima haikubaliwi. Risiti zitunzwe. Maradhi ya ghafla yaachiwe bima na akiba ya kawaida, kwani akaunti hii humfaa zaidi mgonjwa anayejua mahitaji yake mapema.