SOMO LA VIKUNDI: BWAWA LIKIKATAA KUWA KIJANI

Mnakumbuka mwaka wa 2009 serikali ilipoanza mradi wa samaki: mabwawa 200 kwa kila eneo bunge katika maeneo 140, bwawa moja mita za mraba 300. Baadhi yaliachwa baadaye. Wenye mabwawa hutuambia, "Tunatia samadi, maji yanabaki meupe, samaki hawakui." Msiseme limerogwa. Tuanze na alkali.

Alkali ni nguvu ya maji ya kumeza asidi bila kuyumba. Koroga magadi kidogo kwenye kikombe cha maji, kisha kamulia limau. Yanatoa povu, na ule ukali wa limau unapungua. Magadi imeimeza asidi. Maji yasiyo na alkali hayana kinga hiyo.

Sasa maji yetu. Rupingazi, Thuci na Kathita hutoka Mlima Kenya. Huko juu ni maji laini, sabuni hutoa povu upesi, na kwa kunywa tunamshukuru Mungu. Lakini alkali yake ni kidogo. Tena udongo mwekundu wa huko una asidi, ndiyo sababu chai inastawi Runyenjes ya juu na Kionyo. Panapopendwa na chai, bwawa litataka chokaa. Huko chini Mbeere na Tharaka, maji ya visima virefu kwa kawaida yana alkali ya kutosha. Angalia ule ukoko mweupe ndani ya birika.

Kwenye tope lenye asidi, fosforasi ya samadi inakamatwa na udongo. Vimelea vya kijani, ambavyo ni chakula cha tilapia, vinakosa lishe. Hapo samadi yenu inapotea bure. Tena usiku viumbe vya majini hutoa hewa ya kaboni, asidi inapanda, mchana inashuka. Maji yenye alkali kidogo huyumba sana kati ya alfajiri na alasiri, na samaki anaumia.

Wataalamu wanataka alkali isipungue miligramu 20 kwa lita, ikihesabiwa kama chokaa. Afisa wa samaki anaweza kuwapimia. Bwawa likiwa kavu, nyunyizeni chokaa ya kilimo kilo 10 hadi 20 kwa kila mita za mraba 100, yaani kilo 30 hadi 60 kwa bwawa la mita 300. Isambae mpaka kando. Chokaa iliyochomwa, ile ya kupaka nyumba, ni kali. Inachoma ngozi na kuua samaki, kwa hiyo msiitie penye samaki.

Samadi isubiri wiki mbili, kwa maana zikitiwa pamoja chokaa inaifunga fosforasi.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni mfereji. Maji yakipita bwawani mchana kutwa, yanabeba chokaa na samadi mpaka mtoni. Fungeni, mwongeze tu yale yaliyopungua. Baadaye ingiza mkono majini mpaka kiwiko: kiganja kikipotea machoni kwa ukijani, chakula kipo.

Maswali ya kujadiliana: Bwawa letu liko upande wa chai, wa kahawa au wa mtama? Mara ya mwisho tulitangulia kutia nini, samadi au chokaa? Na mfereji, nani hufunga?