Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Vidonge vya Vitamini Haviishi Muda

Mwezi wa kwanza nyumba nzima humkumbusha mgonjwa vidonge vyake. Ukifika mwaka wa pili, uzito umeshuka, nguo zimepunguzwa kwa fundi, na ndugu wanaanza kuuliza: "Si umeshapona? Dawa za nini tena?" Swali hilo linaharibu afya za watu.

Upasuaji huu hubadilisha njia ya chakula moja kwa moja. Katika aina moja, daktari hukata na kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo, ukabaki mwembamba kama mrija. Katika nyingine, huacha kifuko kidogo kinachounganishwa na utumbo mwembamba huko mbele, chakula kikaruka sehemu ya kwanza ya utumbo, ambako ndiko madini ya chuma hufyonzwa zaidi. Pia tumbo lililopunguzwa hutoa kidogo ile asidi na protini ambazo vitamini B12 huzihitaji ili iingie mwilini. Ndiyo maana mtu anaweza kula maini na dagaa kila wiki na bado akapungukiwa. Chakula bora hakitoshi peke yake.

Upungufu wa kuogopwa kwanza ni wa vitamini B1. Akiba yake mwilini ni ya wiki mbili tatu tu, na mtu anayetapika mara kwa mara huimaliza upesi. Akianza kuyumba anapotembea, kuona vitu viwili viwili, miguu kufa ganzi, au kuchanganyikiwa, msiseme amelewa, wala msimtafutie mchawi. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na anayemsindikiza aseme wazi: "Alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, na anatapika. Tunaomba apewe vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari." Sukari ikitangulia, hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Waliowekewa puto tumboni ili kupunguza uzito nao wasipuuze kutapika kwa siku nyingi.

B12 huja kinyume. Ini huweka akiba ya miaka, hivyo mtu hujiona mzima huku akiba ikipungua. Ganzi ya vidole, ulimi kuuma, uchovu na usahaulifu vikijitokeza, mishipa ya fahamu huenda imeshaumia, na mingine hairudi kama zamani. Kinga yake ni rahisi: kidonge cha mikrogramu 350 hadi 1,000 kila siku, au sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi, kama daktari atakavyoamua.

Chuma na kalsiamu havimezwi pamoja, kwa sababu kimoja huzuia kingine. Vipishane angalau saa mbili. Kidonge cha chuma kinywewe na maji au juisi ya chungwa, kamwe si na chai. Najua kuiondoa chai ya asubuhi katika nyumba zetu ni kazi, basi isogezwe mbele. Mwanamke anayepata hedhi huhitaji miligramu 45 hadi 60 za chuma kwa siku. Kalsiamu, miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku pamoja na ile ya kwenye chakula, igawanywe isizidi 600 kwa mara moja, na iendane na vitamini D.

Mezani, samaki, mayai, kuku au maharage viliwe kwanza. Ugali na wali vije mwisho, nafasi ikibaki. Mwanamke asubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kushika mimba, na amwambie mkunga kuhusu upasuaji wake.

Damu ipimwe baada ya miezi 3, 6 na 12, kisha kila mwaka, maisha yote. Aliyefanyiwa nje ya nchi atunze barua ya hospitali inayotaja aina ya upasuaji, maana daktari wa hapa hawezi kuibashiri kwa kutazama kovu.

Kama nyumbani kwenu yupo aliyeviacha vidonge, hata kama anajisikia mzima, avirudie leo na aende kupima damu wiki hii.