Somo la Mwezi: Korongo Mwenye Taji

Mkulima msomaji, mwezi huu hatutazungumza habari za mbolea wala za ng'ombe. Tutajifunza habari za ndege mmoja ambaye wewe wa Kitale au Bungoma umemwona mara nyingi, na pengine umemtupia jiwe. Ndege huyu ni korongo mwenye taji. Soma mpaka mwisho, kisha mpe jirani yako gazeti naye asome.

JINSI YA KUMTAMBUA

Urefu wake ni kama meta moja. Mwili ni wa kijivu, mashavu ni meupe, na chini ya kidevu ana kijifuko chekundu. Kichwani ana taji la manyoya magumu ya rangi ya dhahabu. Akiruka, utaona weupe mwingi katika mabawa yake. Dume na jike wanafanana. Usimchanganye na kongoti, yule mwenye kipara anayekaa majalalani. Jirani zetu wa Uganda wamemweka korongo huyu katikati ya bendera yao.

Usiku hulala juu ya miti, jambo ambalo korongo wengi wa nchi nyingine hawawezi. Mchana hutembea mashambani na malishoni akila panzi, viwavi, minyoo, vyura na mbegu za majani. Basi ujue kwamba siku nyingi za mwaka anakula wadudu katika shamba lako wala hakudai mshahara.

MAISHA YAKE

Dume na jike wakioana hukaa pamoja miaka mingi. Hujenga tago lao ndani ya kinamasi, katikati ya majani marefu yaliyozungukwa na maji. Jike hutaga mayai 2 au 3, pengine 4, na wote wawili huyaatamia kwa zamu muda wa mwezi mmoja hivi. Vifaranga huondoka tagoni upesi, lakini hukaa miezi kadhaa bila kuweza kuruka. Katika muda huo wote kinga yao ni majani tu. Ukikata majani yote, au ukichoma moto kinamasi, au ukichimba mtaro wa kuyatoa maji, umewaua ingawa hukuwagusa.

Kwa sababu hiyo korongo wamepungua sana. Mwaka 2012 wataalamu wa ulimwengu walimwandika katika orodha ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka, maana walikuwa wamepungua kwa zaidi ya nusu katika miaka 45 hivi. Sababu kubwa ni kukaushwa kwa vinamasi, kukamatwa kwa vifaranga ili wafugwe au wauzwe, na sumu.

UGOMVI WAKE NA MKULIMA

Hatutaki kukuficha jambo. Mvua za Machi na Aprili zikinyesha na mahindi yakaanza kuchipua, korongo huja, akashika chipukizi kwa mdomo, akaling'oa na kula mbegu iliyo chini. Mkulima aliyenunua mbegu na mbolea kwa fedha za mkopo akiona hivyo hukasirika, na ni haki yake. Lakini wazee walisema: hasira, hasara. Kabla ya kufanya lolote, hesabu kwanza.

Kama umepanda kwa nafasi ya sentimeta 75 kwa 25, kila meta 10 za mstari zina mashimo 40. Pima meta 10 mahali 5 mbalimbali katika shamba. Hayo ni mashimo 200. Hesabu mapengo. Ukikuta mapengo 10, umepoteza mimea 5 katika kila 100. Tena fukua mapengo hayo utazame: pengine aliyekula ni panya au mchwa, na korongo anasingiziwa.

LA KUFANYA

Kwanza, pandeni pamoja na majirani. Shamba linalochipua peke yake huwaita ndege wote wa tarafa.

Pili, fukia mbegu vizuri, kina cha sentimeta 5 hivi. Mbegu iliyo juu juu ni karamu.

Tatu, weka mlinzi alfajiri na jioni katika majuma ya kwanza baada ya mahindi kuchipua. Sanamu ya kutishia ndege nayo husaidia, lakini ihamishwe kila siku. Korongo si mjinga. Sanamu isiyosogea ataizoea.

Nne, pandia mapengo mapema, mimea ilingane.

Kule Wisconsin, Marekani, wakulima wana ugomvi huu huu na korongo wa kwao. Wao huchanganya mbegu na dawa isiyoua, ila humchukiza ndege akila. Korongo huacha mbegu, akaendelea kula wadudu shambani humo humo.

USITIE SUMU

Sumu haichagui. Mbegu yenye sumu iliyotegwa kwa korongo huua pia kuku, mbwa, na njiwa ambaye mtoto wako atamwokota na kumchoma. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, kaunti ya Busia, watu walitega ndege kwa dawa ya wadudu iitwayo Furadan, na nyama yake ikauzwa na kuliwa. Mwaka 2009 kampuni iliyoitengeneza dawa hiyo ilianza kuiondoa katika soko la Kenya, baada ya habari za simba waliouawa kwayo. Kuua ndege wa porini kwa sumu, au kumfuga bila kibali, ni kosa kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013.

MFANO MWEMA

Karibu na Kitale iko mbuga ya Saiwa, iliyotengwa mwaka 1974 ili kumlinda nzohe, yaani swala wa kinamasini. Ni mbuga ndogo kuliko zote za taifa Kenya, kama kilometa 3 za mraba tu, nayo hutembelewa kwa miguu. Korongo wamo. Jirani yake, wakulima wa Kipsaina waliunda chama cha kulinda korongo na vinamasi. Walipanda miti ya asili na kufuga nyuki na samaki. Hivyo kinamasi kikawapa riziki bila kukaushwa. Tena kinamasi ni akiba ya maji: kikilimwa chote, kisima nacho hupungua wakati wa kiangazi.

MASWALI

1. Korongo mwenye taji hujenga tago wapi?
2. Kifaranga asiyeweza kuruka hukingwa na nini?
3. Umekuta mapengo 16 katika mashimo 200. Umepoteza mimea mingapi katika kila 100?
4. Korongo huyu anaitwaje kwa lugha ya nyumbani kwenu? Waulize wazee, na uwaulize pia kinamasi gani walikuwa wakimwona zamani. Kisha nenda ukatazame kama bado yupo.