Dondoo muhimu: IPA ya kukaa chupani mwaka mzima

Bia ya kukaa hupangwa tangu siku ya kununua kimea. Ipe nguvu: kilevi cha asilimia 7 hivi huhimili muda kuliko cha 5. Hopsi za uchungu zitie kwa wingi mwanzoni mwa kuchemsha, kama Waingereza wa karne ya 19 walioisafirisha India kwa merikebu. Uchungu hupungua taratibu. Harufu ndiyo hukimbia mapema, basi usimalize pesa kwenye hopsi za mwisho.

Adui mkubwa ni hewa. Mpira wa kujazia ufike chini kabisa ya chupa, bia ipande polepole bila kurusha mapovu. Kabla ya hapo, haidromita isome namba ileile siku 3 mfululizo, maana utamu ambao haujachachuka hupasua chupa, na kioo kikiruka hakichagui jicho. Kisha, ili bia ipate gesi chupani, gramu 120 za sukari zatosha kwa lita 20.

Chupa ziwe za kahawia. Zikae wiki 3 kwenye joto la chumba, kisha wima gizani, penye ubaridi. Onja moja kila miezi 3. Ikianza kunuka karatasi iliyolowa, usingoje tena, alika watu.