Mashini ya lazeri kwa kuandika alama: kooperativi inunue ya namna gani?



Mashini ndogo za lazeri, zile zenye kuchoma maandishi juu ya mbao ao ngozi, zimeshuka bei, na kooperativi zinauliza kama inafaa kutoa pesa ya kisanduku kwa kununua moja. Mbele ya kuuliza bei, ulizeni hivi: tunataka kuandika juu ya nini? Hakuna lazeri inayoandika juu ya kila kitu, hata muuzaji aseme nini.

Alama ya shamba si urembo. Ua la kahawa robusta haliwezi kufunga tunda kwa chavua ya mti wake wenyewe, wala ya klone yake. Linahitaji chavua ya klone ingine. Sasa kama vibao vya pepinieri vimeoza ao vimechanganyika, mkulima anabeba miche ya klone moja tu, anapanda shamba nzima, anangoja karibu miaka mitatu, kisha anavuna kidogo sana. Ule mkusanyo wa robusta wa Yangambi, ulioanza wakati wa INEAC, bila majina ya mistari ungekuwa pori kama mapori mengine. Basi kibao cha pepinieri ndicho kazi ya kwanza ya mashini hii kwetu.

Ya bei ndogo ni lazeri ya diodi, yenye mwanga wa buluu. Kwa dola mia chache unapata yenye wati 5 mpaka 10. Inaandika vizuri juu ya mbao, ngozi, kartoni na kibuyu. Haiandiki juu ya chuma kitupu, na kioo cheupe inakipita tu kama jua la dirishani. Faida yake kubwa ni kwamba inakula umeme kidogo: betri ya sola na invata ndogo vinatosha. Lakini jihazari na wati za kwenye kartoni. Wauzaji wengine wanaandika 40, kumbe ni umeme unaoingia, na mwanga unaotoka ni wati 5 tu. Uliza wati za mwanga wenyewe.

Lazeri ya CO2 iko na nguvu zaidi, inakata mbao nyembamba na kuandika juu ya kioo, kwa mfano chupa za asali. Ila moyo wake ni mrija wa kioo unaopozwa na maji. Fikiri mrija ule juu ya pikipiki, barabara ya Isangi wakati wa mvua. Ya tatu, lazeri ya faiba, ndiyo ya chuma: majembe, panga, bati. Bei yake mara nyingi inapita dola elfu moja, na kwa mbao haifai. Kwa kooperativi ya kijiji sioni sababu ya kuinunua.

Magunia yasahauni kabisa. Gunia la plastiki linayeyuka, la jute linachomeka na kupasuka njiani. Kata herufi ndani ya bati, weka juu ya gunia, pitisha rangi kwa brosi, na uache ikauke kabisa mbele ya kutia kakao, juu kakao inanyonya harufu haraka. Bidoni ya mafuta pia usiichome: ukuta wake unapungua na itavuja.

Kitu chenye PVC, kama bashi, tiyo za maji na ngozi nyingi za bandia, ni hatari ya kweli. Kikichomwa kinatoa gazi ya asidi yenye kuharibu mapafu, na mashini yenyewe inapata kutu. Kila lazeri iko na miwani yake. Ya jua ao ya kusudea haiwezi kulinda macho. Fanyeni kazi mahali penye hewa, mchanga karibu, na mtu asiondoke mashini ikiwaka.

Hata mbao zichaguliwe. Juu ya limba, ambayo ni nyeupe, herufi zinaonekana vizuri, lakini nje inaoza upesi. Afromosia inadumu, ila ni nyeusi kidogo, herufi zinajificha; inabidi kuchoma ndani zaidi na kutia rangi nyeupe.

Halafu pigeni hesabu. Tuseme mnahitaji vibao 150 kwa mwaka, na fundi wa kashe mjini mwenye mashini anaomba dola 1 kwa kimoja: ni dola 150. Mashini ya dola 400, pamoja na usafiri, miwani na betri, inaweza kufika 700. Itachukua karibu miaka mitano kurudisha pesa, kama haikuharibika. Kooperativi tatu zikiungana, hesabu inabadilika. Mkiamua kununua, mpelekee muuzaji mbao yenu wenyewe na aiandike mbele yenu.

Wenye pepinieri ndogo wafanye hivi tangu leo. Kata kopo la bia la aluminiumu, nyoosha kipande, kiweke juu ya gazeti, andika jina la klone na tarehe kwa biki iliyokwisha wino, ukikaza mkono. Herufi zinazama ndani ya bati, mvua haiwezi kuzifuta. Toboa, funga kwa waya juu ya kijiti cha mstari. Ukifunga juu ya mti wenyewe, acha waya ulegee, na uulegeze tena kila mwaka, juu shina linanenepa.