SOMO LA MWEZI: UWANJA ULIOJENGWA NA WATU WAZIMA



Vijana wetu husoma vitabu ambavyo sisi wazazi hatuvijui, na mara nyingi tunavisifu au kuvikataza bila kuvifungua. Somo la mwezi huu limekusudiwa kutusaidia kusoma kitabu kimoja cha namna hiyo pamoja nao. Kitabu chenyewe, kwa maoni yetu, hakikufika pale kilipotarajiwa kufika. Walakini kasoro yake ina mafunzo mengi, nayo yafaa kuchunguzwa. Wanaolitumia somo hili katika kikundi na walisome kipande kwa kipande, kisha wajadiliane maswali yaliyo mwishoni.

1. Kitabu chenyewe

Mwaka 2008 mwandishi wa Marekani, Suzanne Collins, alitoa riwaya iitwayo The Hunger Games, maana yake Michezo ya Njaa. Inasimulia habari za nchi ya kubuniwa iitwayo Panem. Neno hilo ni la Kilatini, lenye maana ya mkate, nalo latukumbusha watawala wa Rumi waliowatuliza raia kwa chakula na maonyesho ya uwanjani. Mji mkuu, Capitol, umeshiba. Wilaya 12 zinazouzunguka zina njaa. Kwa kuwa wilaya hizo ziliwahi kuasi, kila mwaka kila moja hutoa kwa kura mvulana mmoja na msichana mmoja, wa umri wa miaka 12 hadi 18. Hao 24 huingizwa uwanjani wauane mpaka abaki mmoja, na watu hutazama katika televisheni. Kitabu hicho na viwili vilivyokifuata, mwaka 2009 na 2010, vilisomwa na vijana wengi sana duniani.

Mwaka 2020 mwandishi huyo alitoa kitabu kingine, The Ballad of Songbirds and Snakes, na mwaka 2023 kikatengenezwa filamu. Hiki ndicho tunachokisoma leo. Kinarudi nyuma miaka 64 kabla ya kile cha kwanza, hadi Michezo ya 10. Mhusika mkuu ni Coriolanus Snow, kijana wa miaka 18 wa ukoo mkubwa uliofilisika, ambaye wasomaji wanajua tayari kwamba atakuja kuwa rais mkatili. Shule yake imemkabidhi amsimamie msichana wa Wilaya ya 12, mwimbaji aitwaye Lucy Gray Baird. Msichana akishinda, Snow naye ana tumaini la kusomeshwa bure chuo kikuu.

2. Kilichotuvunja moyo

Kwanza tuseme lililo jema. Mwandishi aonyesha vizuri jinsi uovu unavyoingia kwa hatua ndogo ndogo. Snow haanzi kama muuaji. Anaanza kama kijana mwenye njaa anayeona haya kwa sababu ya shati lake, anayempenda bibi yake, na anayejiambia kila mara kwamba safari hii tu hakuwa na njia nyingine. Ndiye anayetoa shauri kwamba watazamaji waruhusiwe kucheza kamari juu ya watoto hao na kuwapelekea chakula uwanjani. Afikiri anamsaidia Lucy Gray, kumbe anaujengea ukatili ule msingi wa kudumu miaka mingi. Baadaye anamsaliti rafiki yake Sejanus, na Sejanus ananyongwa. Mzazi anayetaka kumweleza kijana wake maana ya kujidanganya atapata mifano tele humo.

Lakini kitabu ni kirefu, na sehemu yake ya mwisho imeharakishwa. Kijana aliyempenda msichana kwa kurasa mamia anageuka kumwinda msituni kwa bunduki katika kurasa chache. Watoto wengi wanaokufa hatuwajui ila kwa jina na namba ya wilaya. Na lililo kubwa zaidi, kitabu chauliza swali zito kisha hakilipimi sawasawa. Swali hilo ni hili: mtu akivuliwa sheria, shule na mavazi mazuri, ni kitu gani kinachobaki?

3. Hoja ya Daktari Gaul

Anayeuliza swali hilo ni Daktari Volumnia Gaul, mkuu wa waandaaji wa michezo. Jibu lake ni kwamba binadamu kwa asili ni mnyama mkali, na uwanja ule wathibitisha. Kwa hiyo, asema, wenye nguvu lazima wawatawale wengine kwa mkono wa chuma. Lucy Gray na Sejanus wanampinga, lakini kwa maneno machache, na kitabu chamalizika Snow akiwa mwanafunzi wa Gaul.

Hebu tuipime hoja hiyo kama tupimavyo ushahidi barazani. Watoto wale walisafirishwa katika behewa la mifugo. Walifungiwa katika kizimba cha nyani, watu wakaja kuwatazama. Hawakupewa chakula cha kutosha. Kisha wakapewa silaha na kuambiwa kwamba asiyeua atakufa. Je, mtoto akiua katika hali hiyo, ametuonyesha asili ya binadamu, au ametuonyesha kazi ya mikono ya wale waliomfungia? Mtu akimfunga mbwa na kumnyima chakula siku nyingi, kisha akaumwa, hawezi kusema amegundua tabia ya mbwa wote.

Tena kitabu chenyewe kina ushahidi unaompinga Gaul, ila mwandishi aupitia mbio. Reaper, mvulana wa Wilaya ya 11, anakusanya maiti za wenzake uwanjani, anazilaza kwa mstari, na kuzifunika kwa bendera ya watawala aliyoichana. Lamina, msichana wa Wilaya ya 7, anamhurumia kijana aliyetundikwa akiteseka, akamkatizia mateso yake. Sejanus anajiingiza katika hatari ya kifo ili kunyunyiza makombo ya mkate juu ya maiti ya aliyesoma naye utotoni, kama ilivyo desturi ya wilaya yao. Hao nao walikuwa katika uwanja uleule. Mbona Gaul hakuwahesabu?

4. Watoto wa kweli

Mambo haya yamewahi kuonekana katika maisha halisi. Mwaka 1954, mwaka uleule William Golding alipotoa riwaya yake mashuhuri Lord of the Flies, juu ya wavulana wanaogeuka wakatili kisiwani, mtaalamu Muzafer Sherif aliwapeleka wavulana 22 wa umri wa miaka kama 11 katika kambi huko Oklahoma, Marekani. Aliwagawa makundi mawili na kuwashindanisha kwa zawadi, zikiwamo visu vya mfukoni. Wakachukiana, wakachomeana bendera na kuvamiana mabwenini. Lakini walipopewa shida moja ya kutatua pamoja, kama maji ya kambi kukatika, walisaidiana, na mwishoni walirudi nyumbani katika basi moja. Chuki ilikuja na mpango wa watu wazima, nayo ikapungua mpango ulipobadilika.

Na mwaka 1965 wanafunzi 6 wa Tonga, katika bahari ya Pasifiki, walichukua mashua bila ruhusa wakapotezwa na dhoruba. Walitupwa katika kisiwa cha 'Ata kisichokuwa na watu, wakakaa huko miezi kama 15. Hapakuwa na mwalimu wala askari. Waligawana zamu za kazi, wakalima bustani, wakautunza moto usizimike. Waliogombana walitengwa kwa muda mpaka hasira iishe. Mmoja alipovunjika mguu, wenzake waliufunga kwa vijiti, ukapona. Mwaka 1966 nahodha Mwaustralia, Peter Warner, aliwakuta wote 6 wakiwa hai, hali kwao walikwisha kufanyiwa mazishi.

Kisa kimoja hakithibitishi kwamba watoto wote ni wema. Lakini chatosha kutuonya tusikubali upesi kwamba ukatili ndio ukweli wa mwisho juu yao.

5. Je, Kanisa halifundishi vivyo hivyo?

Hapa msomaji makini atauliza: mbona sisi wenyewe twafundisha kwamba binadamu ni mwenye dhambi? Kanuni ya 9 katika zile Kanuni 39 za Kanisa letu yahusu jambo hilo hasa. Je, Daktari Gaul hakusema kweli?

Angalieni tofauti. Fundisho la Kanisa lamhusu kila mtu, mtawala na mtawaliwa, mwalimu na mwanafunzi. Gaul alifundisha habari ya uovu wa watoto uwanjani, lakini yeye alikaa jukwaani na hakujihesabu. Nyani haoni kundule. Mtu anayekiri kwamba dhambi imo katika wote ataogopa kumpa mtu mmoja mamlaka yasiyo na mpaka. Gaul alitumia maneno yanayofanana na hayo kujipatia mamlaka ya namna hiyohiyo. Na Kanisa likisha kusema juu ya dhambi halimwachi mtu hapo. Lamwita atubu na kusaidiwa. Uwanja hauna toba, una mshindi mmoja tu.

Kwa hiyo tusimkataze kijana kitabu hiki. Tukisome naye, kisha tumwulize alivyoona. Vijana wengi wataligundua pengo lake wenyewe wakipewa nafasi ya kusema.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni wapi Snow angeweza kugeuka na kurudi? Taja mahali pamoja, na useme ingemgharimu nini.
2. Reaper aliwafunika wenzake ingawa hakuna aliyemwamuru. Watu wa mtaa wetu huwatendea nini wafu wasiokuwa na jamaa?
3. Katika nyumba zetu na shule zetu, ni lini tunawashindanisha watoto, kisha tukawalaumu kwa kuchukiana?
4. Waliotazama katika televisheni hawakumwua mtu kwa mikono yao. Je, walikuwa na hatia? Na sisi tunatazama nini?

Wazazi, kabla ya kikao kijacho kila mmoja amwulize kijana wake kitabu anachokisoma sasa, na amsikilize mpaka amalize.